MBEGU YETU NA DAWA YAO

Haya ni maneno aliyoyasema Katibu Mwenezi wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama na wakulima uliofanyika Buhemba. Wengi waliokuwapo wametuomba tuyachape, nasi tunayachapa kama yalivyosemwa.



Mmeniita nije niseme juu ya mbegu hizi ambazo wataalamu wanaziita GMO, na juu ya dawa za kuua magugu zinazofuatana nazo. Sikuja kuwatisha. Nataka hilo nilitangulize, maana nayajua maneno yanayozunguka sokoni na katika vilabu vya pombe. Yupo anayesema ati mtu akila mahindi hayo hazai tena. Yupo anayesema mtoto atazaliwa na mkia. Ndugu zangu, maneno ya namna hiyo yaacheni. Hayana ushahidi, na mtu anayetetea haki kwa uwongo anampa mpinzani wake fimbo ya kumchapia. Wamarekani wamekula mazao ya namna hiyo tangu miaka ya 1990, watu wa Afrika ya Kusini wanasaga ugali wao kwa mahindi hayo, wala hakuna chombo kikubwa cha sayansi kilichoonyesha kwamba kula kwenyewe kumewaua. Neno letu ni hili: mbegu ni ya nani, na shamba la Mwafrika litalimwa kwa amri ya nani?

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Kuchagua mbegu si jambo jipya. Mama zetu wamechagua mbegu tangu zamani za kale. Anatazama suke lililojaa, anatazama gunzi lisiloguswa na fukusi, analitundika juu ya meko lipate moshi, na mvua zikija analirudisha shambani. Wataalamu wetu wa Ukiriguru nao huchagua, ila wao huoanisha kwa ujuzi zaidi, mhogo kwa mhogo, pamba kwa pamba. GMO ni habari nyingine. Hapo mtaalamu huchukua chembe ya urithi kutoka kiumbe kisicho na udugu wowote na mmea ule, mathalani bakteria wa udongoni, akaipachika ndani ya hindi katika maabara. Kisha kampuni iliyomwajiri huenda kuandikisha hati ya kuimiliki chembe ile, kama mtu aandikishavyo nyumba yake mjini. Hapo ndipo mkulima yafaa aamke, maana tangu lini mbegu ikawa na hati?

Ziko aina nyingi za mbegu hizi, lakini zilizoenea sana duniani ni mbili. Moja ni ile inayojitengenezea sumu yake yenyewe ya kuua viwavi. Nyingine ni ile iliyofanywa istahimili dawa ya kuua magugu. Nataka tukae na hii ya pili, kwa sababu ndani yake mtaona biashara nzima ilivyofumwa.

Dawa inayojulikana kuliko zote ni glaifosati, ambayo kampuni ya Monsanto ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1974 kwa jina la Roundup. Siku hizi hutengenezwa na kampuni nyingi na maduka ya pembejeo huiuza kwa majina mengi. Kazi yake si siri. Huingia kwa majani, hushuka hadi mizizini, na huko huziba kitu fulani ambacho mmea hukitumia kuujenga mwili wake. Mmea hugeuka njano, hunyauka, hufa. Dawa yenyewe haina macho. Nyasi, mchicha, hindi, harage, vyote hufa sawasawa. Kwa hiyo zamani mtu aliipulizia kabla ya kupanda, basi. Mwaka 1996 Monsanto wakaleta soya isiyokufa kwa dawa hiyo, halafu pamba, halafu mahindi. Tangu hapo mkulima aweza kupulizia shamba zima, mazao yake yakiwa yamesimama, na kila kisicho zao lile kikafa. Mkulima wa Marekani aliuziwa soya hiyo kwa mkataba wenye sharti kwamba asiweke akiba ya mbegu ya kupanda mwaka wa pili. Muuza mbegu na muuza dawa ni mtu mmoja. Anakuuzia kufuli asubuhi, jioni anakuuzia ufunguo.

Sasa twende katika shamba la mama wa hapa Buhemba, wala si la tajiri wa Iowa. Ndani ya mahindi kuna maharage, kuna kunde, kuna maboga yanatambaa chini. Pembeni kuna mihogo ambayo ndiyo benki yetu ya siku za kiangazi. Katikati, bila ya mtu kupanda, umeota mgagani, mchicha, mlenda. Bwana wa kampuni akilitazama shamba hilo ataona mahindi na magugu. Mama analitazama na kuona ugali, mboga ya leo, mboga ya kukausha, na majani ya kumpa mbuzi. Haya, mtu anieleze: ni dawa gani hiyo itakayoua gugu ikauacha mgagani? Mbegu itakayosalimika ni ile moja tu waliyoiandikia hati. Kunde zitakufa. Maharage yatakufa. Maboga yatakufa. Watoto wetu watabaki na ugali mtupu, na mboga itanunuliwa sokoni kwa fedha ambayo hatuna. Hiyo ndiyo hasara ya kwanza, wala haihitaji maabara kuigundua. Mama yeyote mwenye jembe anaijua.

Najua yupo atakayesimama hapa aniambie, "Wewe Katibu unasema kwa sababu hupalilii." Nakubali kabisa kwamba palizi inavunja mgongo. Nami nasema ukweli usiopendeza: palizi inavunja mgongo wa mama. Mkoa huu wa Mara tuna ng'ombe kuliko mikoa mingi. Tunawafunga plau wakati wa kulima, mwanamume anatembea nyuma yao akipiga mluzi, na watu wanamsifu. Palizi ikifika, ng'ombe wanarudi machungani, mwanamume anakwenda kivulini, mama na watoto wanabaki na jembe la mkono. Kwani ng'ombe hawezi kupalilia? Jembe la palizi la kukokotwa na maksai lipo, si uvumbuzi wa jana. Linataka tu tupande kwa mistari iliyonyooka na tuwafundishe ng'ombe wetu kupita bila kula mahindi, kwa kuwafunga vikapu mdomoni. Kabla hatujamlaumu Mzungu kwa dawa yake, tuwaulize wanaume wenzangu kwa nini dawa ile inaonekana tamu sana kwa mama zetu.

(Hapo akina mama walipiga vigelegele, na Mwenyekiti akaomba utulivu.)

Haya, tuseme tumekubali dawa. Je, magugu yatakwisha? Tusikilize waliotutangulia. Huko Marekani kuna mchicha pori, wa ukoo mmoja na mchicha wetu, ambao wao wanauita Palmer. Ni mchicha mkubwa, hupita urefu wa mtu, na shina lake likikomaa huwa gumu kama mti. Wakulima wa pamba waliupulizia glaifosati kila mwaka. Iliyo dhaifu ikafa. Michache iliyokuwa na nguvu ikabaki, ikazaa, na mbegu za mchicha mnazijua zilivyo nyingi. Mwaka 2005 katika jimbo la Georgia ilithibitishwa kwamba mchicha huo haufi tena kwa dawa ile. Na wakulima wa Georgia, wenye matrekta na ndege za kupulizia, walifanya nini? Waliajiri watu kwenda kuung'oa kwa mikono! Palizi ile ile tuliyoahidiwa kwamba itakwisha. Ndipo kampuni zikaleta mbegu nyingine zinazostahimili dawa nyingine ya zamani iitwayo dikamba. Dawa hiyo ina tabia ya kupeperuka. Mwaka 2017 ilipeperuka kutoka mashamba ya waliopulizia ikaunguza soya ya majirani, ekari zaidi ya milioni 3 katika msimu mmoja. Basi jirani naye alilazimika kununua mbegu ya kampuni ile ile, hata kama hakuitaka, apate kuokoa shamba lake. Hiyo ni biashara au ni kutekwa?

Juu ya afya ya mpuliziaji nitasema machache kwa uangalifu, maana wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Machi 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka glaifosati katika kundi la vitu ambavyo yamkini vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka za Marekani na za Ulaya zikapinga, zikasema ikitumiwa kama inavyoelekezwa haielekei kuleta saratani. Mwaka 2018 kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliinunua Monsanto, na Agosti ya mwaka huo huo baraza la wazee wa mahakama huko San Francisco likaamua kwamba mtunza bustani mmoja aliyeugua saratani alipwe dola milioni 289. Fidia hiyo ilipunguzwa sana baadaye na mahakama. Mwaka 2020 Bayer wakatangaza kutenga zaidi ya dola bilioni 10 ili wamalizane na maelfu ya wadai, huku wakishikilia kwamba dawa yao haina hatia. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Nalitazama tu lile neno "ikitumiwa kama inavyoelekezwa". Maelekezo yanataka glovu, buti, kinga ya macho, nguo maalumu, na sabuni na maji tele. Kijana wetu anapulizia kwa ndala, bomba linavuja mgongoni, na dumu tupu kesho linachotea maji ya kunywa. Maelekezo yale hayakuandikwa kwa ajili yake.

Na sisi wa Buhemba tusihitaji kufundishwa habari hii. Hapa dhahabu imechimbwa tangu enzi za mkoloni. Dhahabu imeondoka, mashimo yamebaki. Mchimbaji mdogo hadi leo anashika zebaki kwa mkono mtupu, kwa sababu ni rahisi na ni ya haraka. Faida ni ya siku ile ile. Madhara huteremka taratibu na maji, na mabonde yetu yote mwisho wake ni Ziwa Victoria. Mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka hashangai akiona ukindu.

Sasa nije nchini mwetu, maana wengine wanadhani mambo haya ni ya ng'ambo. Mwaka 2008 ulianza mradi ulioitwa WEMA, wa mahindi yanayostahimili ukame, kwa ajili ya Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Afrika ya Kusini. Uliongozwa na shirika la AATF lililoko Nairobi, fedha zikatoka katika mifuko ya matajiri wa Marekani, Bill Gates na Howard Buffett, na baadaye katika serikali ya Marekani. Monsanto walitoa chembe yao ya urithi, wakasema mkulima mdogo hatatozwa malipo ya hati. Bure! Ndugu zangu, haki inataka niseme kwamba hindi hilo la ukame halikuwa lile la kustahimili dawa ya magugu. Chembe yake ilitoka kwa bakteria mwingine, na makusudio yake yalikuwa kupunguza hasara ya kiangazi. Sina haja ya kulisingizia. Lakini mlango ukifunguliwa kwa mgeni mmoja mpole, nduguze walioko nje nao wanauona uko wazi.

Tanzania iliridhia mkataba wa Cartagena juu ya usalama wa viumbe hivi mwaka 2003. Kanuni zetu za 2009 zilikuwa kali: mwenye kuleta kitu hiki angebeba dhima ya madhara yake, bila ya mkulima kulazimika kuthibitisha uzembe. Kwa miaka kadhaa majaribio hayakufanyika, maana wenye mali hawakutaka kubeba dhima hiyo. Tafakarini hapo. Wanasema kitu ni salama kabisa, lakini ukiwaambia watie sahihi kwamba kikidhuru watalipa, kalamu inaanguka. Mwaka 2015 kanuni zikalegezwa kwa ajili ya utafiti, na Oktoba 2016 mahindi ya majaribio yakapandwa Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 Katibu Mkuu wa Wizara ya Kilimo akaamuru majaribio yasimame na mabaki yateketezwe. Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kuyafuta majaribio ya GMO nchini. Hata leo hakuna mbegu ya namna hiyo iliyoruhusiwa kuuzwa kwa mkulima wa Tanzania.

Wazee waliosikia jina la Dodoma watakumbuka habari ya Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja kulima karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili Waingereza wapate mafuta ya kupikia. Walileta matrekta, walileta na makapteni wa vita. Hawakuwauliza Wagogo mvua inanyesha lini wala udongo unakuwaje kiangazi. Udongo ukakauka kama saruji, karanga zikashindwa kung'oka ardhini. Mwaka 1951 mpango ukazikwa, na pauni zaidi ya milioni 30 zikazikwa pamoja nao. Sisemi Makutupora ni Kongwa. Watafiti wa Makutupora ni vijana wetu, Watanzania waliosoma, na wengine walisikitika kwa haki walipoona kazi yao inachomwa moto. Nasema swali la Kongwa bado halijajibiwa: mkulima aliulizwa?

Na hata kwa kipimo cha faida tu, hindi lile halikung'ara. Afrika ya Kusini, nchi iliyoyapokea mazao haya kuliko nyingine zote za Afrika, mwaka 2018 vyombo vyake vilikataa mbegu moja ya Monsanto iliyochanganya chembe hiyo ya ukame na nyingine, kwa kuwa takwimu hazikuonyesha wazi kwamba inashinda ukame. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Rufani ya huko ikaitangua ruhusa iliyokuwa imetolewa kwa hindi la ukame lenyewe. Burkina Faso ilianza kulima pamba ya GMO mwaka 2008. Mavuno yaliongezeka na kunyunyiza kukapungua, tusifiche. Lakini nyuzi zikawa fupi, sifa ya pamba ya Burkina ikashuka sokoni, kampuni za pamba zikadai fidia kwa Monsanto, na kufika 2016 nchi ikarudi kwenye mbegu yake. Watu wa Bunda na Serengeti wanaolima pamba waitie habari hii masikioni. Bei ya pamba hupangwa na urefu wa uzi.

Naomba mnivumilie niwasimulie kisa cha mzee mmoja wa Kanada, maana chuoni nilifundishwa kwamba mfano mmoja hueleweka kuliko kanuni kumi. Jina lake Percy Schmeiser, mkulima wa Saskatchewan, aliyelima kanola, zao la mafuta. Yeye hakununua mbegu ya Monsanto. Majirani walinunua. Mwaka 1997 alipulizia Roundup kando ya nguzo za umeme, akaona kanola nyingi haifi. Alisema imeletwa na upepo na magari yaliyopita barabarani. Akaweka mbegu yake kama alivyozoea, mwaka wa pili akapanda ekari kama 1,000. Kampuni ikachukua sampuli, ikamshitaki. Kesi ikaenda hadi Mahakama Kuu ya Kanada, nayo mwaka 2004, majaji watano kwa wanne, ikaamua kwamba amevunja haki ya kampuni, kwa sababu aliiweka na kuipanda akijua au akipaswa kujua ni nini. Hakuamriwa kulipa faida yoyote, maana hakufaidika na chembe ile. Kampuni ikapata ilichotaka zaidi ya fedha: mbegu iliyoota katika ardhi ya mtu, hata ikiingia kwa upepo, ina mwenyewe mwingine.

Nanyi mnajua hindi linavyooana. Ua la kiume liko juu, nywele za gunzi ziko chini, na chavua huletwa na upepo. Hakuna kijiji hapa chenye ukuta wa kuzuia upepo. Huko Mexico, nyumbani kwa mahindi ya dunia nzima, wataalamu walitangaza mwaka 2001 kwamba wamekuta chembe hizo ndani ya mahindi ya kienyeji ya milima ya Oaxaca. Wakapingwa vikali, na kweli sehemu ya kazi yao ilikuwa na dosari. Lakini uchunguzi mwingine uliochapishwa 2009 ukazikuta tena. Machi 2025 Mexico ikaandika katika Katiba yake kwamba mahindi ya GMO hayatapandwa. Jirani zetu wa Kenya wao walipiga marufuku uingizaji mwaka 2012, wakaondoa marufuku Oktoba 2022, na Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha jambo hilo wakati rufani ikingoja kusikilizwa. Pamba ya GMO wao wameiruhusu tangu 2019. Na kutoka hapa hadi Sirari si mbali. Gunia la mbegu halionyeshi pasi ya kusafiria.

Sasa mtaniuliza, "Katibu, umekataa hiki na kile, kiduha kinatumaliza, kiwavijeshi vamizi kinatumaliza, mvua haieleweki. Tufanye nini?" Swali hilo ni la haki, na anayelikwepa hastahili kusimama mbele yenu. Kiduha kile chenye ua zuri la zambarau ni mwizi. Mbegu yake ni vumbi, mmoja huzaa maelfu kwa maelfu, na hukaa udongoni miaka zaidi ya 10 ikingoja mzizi wa hindi au mtama upite karibu. Ukikiona kimechomoza, kimekwisha kunyonya. Hata ungekipulizia dawa, umechelewa.

Lakini Mwafrika hakukaa kimya. Mwethiopia Gebisa Ejeta, mtoto wa mashambani, alitafuta mitama isiyokiamsha kiduha usingizini. Kutokana na kazi yake Tanzania ilipata aina mbili za mtama mwaka 2002, Hakika na Wahi, na mwaka 2009 yeye akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Mitama hiyo si GMO. Ukiivuna unaweka mbegu, unampa na jirani, hakuna atakayekushitaki. Ni wangapi hapa wamewahi kuishika mkononi? Naona mikono mitatu. Miaka zaidi ya 20, mikono mitatu! Hapo lawama si ya Monsanto.

Kando ya ziwa, huko Mbita, taasisi ya ICIPE iligundua njia ya sukuma-vuta. Unapanda jani liitwalo desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na majani ya tembo kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo wa viwavi, majani ya tembo yanamvuta nje. Mizizi ya desmodiamu humwamsha kiduha kisha ikamzuia asishike mzizi wa hindi, akafa kwa njaa. Nayo yote mawili ni chakula cha ng'ombe. Njia hiyo imefika hadi mkoani kwetu, kwa jirani zetu wa Tarime. Sitawaficha ugumu wake: mbegu ya desmodiamu ni shida kupatikana, mwaka wa kwanza kazi ni nyingi, na mwenye ng'ombe wa kuzurura atailisha kabla haijashika. Hilo ni jambo la sheria ndogo za kijiji, nasi tuna uwezo nalo. Juu ya ukame, ule mradi wa WEMA wenyewe ulitoa pia mahindi chotara ya kawaida, yasiyo na chembe ya kupachikwa, yanayovumilia kiangazi. Na batobato ya mihogo ilikutana na mhogo wa Mkombozi, ambao ulipatikana kwa kuchagua tu.

Basi, Bwana Mwenyekiti, kwa kuwa mkutano huu una mamlaka ya kuamua, naleta maazimio. La kwanza, tawi litenge ekari moja katika shamba letu, na akina mama wachague kamati yao ya mbegu. Tuombe kutoka TARI Ukiriguru mtama wa Hakika na Wahi na vipando vya mhogo safi, na baadaye tuombe usajili wa kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora, ambazo sheria inaruhusu chini ya ukaguzi wa TOSCI. La pili, tumwandikie Mbunge wetu kwamba siku yoyote serikali itakapofikiria kuyafungua tena majaribio ya GMO, habari iletwe kwanza kwenye mikutano ya vijiji kwa Kiswahili, na dhima ya madhara irudishwe kama ilivyokuwa katika kanuni za 2009. La tatu ni la wanaume: kila mwenye jozi ya maksai aifundishe palizi kabla ya msimu ujao, na jembe la palizi la kwanza linunuliwe kwa mfuko wa tawi, likae kwa Mwenyekiti, liazimwe kwa zamu.

Naomba azimio la kwanza lisomwe tena polepole, ili wazee waliokaa nyuma walisikie, halafu mikono ihesabiwe.